Ufagio wa Bi Raya

Agosti, Al-Khuwair. Saa kumi na moja alfajiri
na ukuta wa nje tayari una homa.
Mswala nimeukunja, mkeka nimeutandika,
kochi nimelisukuma hadi likamgusa mwenzake,
na hapo katikati, upana wa kitanda kimoja,
ndipo uwanja wangu wa mazoezi.

Vyuma sina. Nina mfuko wa mchele wa kilo tano,
madumu mawili ya maji,
na ngazi yenye vidato arobaini na nane
ambavyo lifti ilinifundisha kuvisahau.

Mwaka jana nililipa riali kumi na nane kwa mwezi
nikatembee pale pale, juu ya mkanda unaokimbia,
nikimtazama kwenye kioo mwanamke
aendaye mbio asifike.
Nikirudi, nimechoka hata kumenya kitunguu.
Nabonyeza simu. Kijana wa pikipiki analeta kuku
aliyetoka jasho ndani ya sanduku lake,
nami namla nimesimama,
mlango haujafungwa sawasawa.

Kisha daktari akaandika namba ya sukari yangu.
Hakusema kitu.
Aliipigia mstari mara mbili.

Basi mbuzi akashushwa juu ya kabati.
Binti yangu Ghaniya akaja mbio, akatafuta pembe.
Nikamwonyesha kigoda chenye ulimi wa chuma,
kilichotoka Wete ndani ya sanduku la shangazi,
kimeviringishwa kanga mbili.
"Huyu hali majani," nikamwambia. "Huyu anakula nazi."
Nazi zenyewe za Salala, ndogo, kaidi;
Mundhir huzipasua kwa spana ya gari.
Nakuna mbili. Mkono wa kulia unajisifu,
wa kushoto unanung'unika.
Jumatano nawabadilishia zamu.

Na Ijumaa ni boko boko.
Ngano imelala majini usiku kucha,
nyama imeachana na mfupa kwa hiari yake,
sasa mwiko.
Unaushika kwa mikono miwili, unapanua miguu,
unavuta kutoka kiunoni, sufuria inakataa, unavuta.
Nadhani ndiyo maana bibi zetu
hawakuwahi kuuliza mazoezi ni nini.
Nasonga hadi mia.
Kwenye sabini huwa nadanganya.

Shida ilikuwa kuruka.
Bi Raya wa chini, mjane, hana redio; ana dari.
Kila nikiruka alijibu kwa mpini wa ufagio:
ko, ko, ko.
Wiki nzima tulisemezana hivyo,
mimi kwa visigino, yeye kwa mti.
Siku ya nane akapanda, kwa miguu, anahema,
shela imekwenda upande,
maneno ameyabana mdomoni kama pini za mshonaji.
Sikumpa nafasi. Nilimpa bakuli,
samli juu, kitunguu cha kukaanga juu ya samli.
Alikula hadi chini.
Akasema, "Chumvi imepungua,"
akashuka.

Mimi sijapungua sana. Kilo mbili,
na moja hurudi kila penye harusi.
Sukari imetelemka kidogo, kama mtu anayeogopa maji.
Riali zilizobaki zimekwenda kwa fundi wa kiyoyozi.
Ila jioni tunakula tumekaa, watatu, sinia moja,
na Ghaniya hushindana na baba yake
nani atabeba dumu bila kulitua mpaka jikoni.

Jana sikuamka.
Nilimsikia muadhini, nikaswali, nikarudi kitandani
na visingizio vyangu, kila kimoja kina mto wake.
Saa kumi na moja na robo.
Na nusu.
Ndipo kutoka chini ya godoro, chini ya sakafu,
ko.

Kimya.

Ko, ko.

Nikashusha miguu.